Kwa mnaohamia Mbeya kutoka nje ya nchi: nyumba, baridi, mtaa na vibali

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wengine habari za majukumu.

Uzi huu nauandika kwa Kiswahili kwa sababu wageni wengi wanaohamia Mbeya wanakisema au wanakisoma: Wakenya wanaoajiriwa katika kilimo, Wakongo wanaofuatilia mizigo yao katika njia ya Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, wanafunzi kutoka nchi jirani. Wapo pia Wazambia na Wamalawi ambao kwao hapa ni kama kuvuka uzio, na wapo madaktari, wahandisi na watu wa kujitolea kutoka Ulaya na Asia wanaofika na Kiswahili cha kuanzia na kukikuza hapa hapa. Halafu tupo sisi wenyeji tunaoambiwa na ofisi kwamba kesho kuna mgeni anakuja, tumsaidie kupata nyumba. Nawalenga wote hao.

Ushauri mwingi wanaopewa wageni wa Tanzania umetolewa kwa kufikiria Dar es Salaam, Zanzibar au Arusha. Mbeya ni mji wa namna nyingine. Ulianza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, ukakuzwa na barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA) iliyojengwa miaka ya 1970, na mpaka leo unaishi kwa kilimo, malori na mpaka. Hapa hakuna mtaa uliotengwa kwa wageni. Mgeni anapanga katikati ya wenyeji, ananunua vitu wanaponunua wao, na akizidiwa usiku anayemtafutia usafiri wa hospitali ni jirani. Ndiyo maana naamini mambo mawili ndiyo yanayoamua kama mtu ataishi Mbeya kwa raha: nyumba inayohifadhi joto, na uhusiano wake na mtaa. Mengine hurekebishika njiani.

Nianze na nyumba. Jiji limekaa kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mlima Loleza ukiwa kaskazini na safu ya Uporoto upande wa kusini mashariki, na barabara kuu inakatiza bondeni kutoka Uyole, kupitia Mwanjelwa na Iyunga, mpaka Mbalizi. Takriban kila safari ya mjini inagusa barabara hiyo moja, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya malori ya Zambia na Kongo, na ujenzi wa kuipanua kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeongeza foleni katika baadhi ya saa. Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni lisiwe mtaa gani ni mzuri, bali kazi yake iko upande gani wa Mwanjelwa. Anayefanya kazi katika Hospitali ya Rufaa au ofisi za mkoa atafute Forest, Uhindini, Sisimba, Isanga au Block T. Anayefundisha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia atafute Iyunga, Nzovwe au Iwambi. Anayekwenda kwenye utafiti wa kilimo Uyole akae huko huko Uyole, Itezi au Isyesye, akijua kwamba Uyole ina baridi zaidi kuliko katikati ya mji.

Ukionyeshwa nyumba, usiridhike na marumaru na geti. Tazama juu: je, kuna dari, au bati linaonekana kutoka chumbani? Nyumba isiyo na dari hupoa mara jua linapozama na haipati joto tena mpaka saa nne asubuhi. Funga mlango wa nje ukiwa ndani, uangalie mwanga unaopita chini yake, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba upepo utapita pale pale. Angalia kama madirisha yana vioo vinavyofunga sawasawa, au ni nyavu na nondo tu kama za nyumba za pwani. Uliza chumba cha kulala kinapata jua la asubuhi au la jioni. La jioni ni bora, maana kuta zinaingia usiku zikiwa na joto. Uliza pia kama nyumba ina linta, yaani mkanda wa zege, iliyozunguka kuta zote. Mbeya iko mahali Bonde la Ufa linapogawanyika kuelekea Rukwa na Nyasa, na matetemeko madogo hutokea.

Mkataba uwe wa maandishi, ushuhudiwe na serikali ya mtaa, na kodi itajwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwezi Machi 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dalali anayekutajia dola anakuingiza katika kosa. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Mlipe baada ya kusaini, si baada ya kuonyeshwa. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Omba miezi mitatu ya kwanza, na ukikataliwa lipa sita, lakini mwaka mzima usilipe kabla hujalala katika nyumba hiyo wakati wa baridi.

Kuhusu umeme, uliza kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Wapangaji wanaochangia mita moja hugombana zaidi kwa ajili ya umeme kuliko jambo lingine lolote, hasa mmoja wao akiwa na hita ya kuogea. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na mzigo huo kisheria ni wa mwenye nyumba, hivyo kubalianeni mapema namna atakavyokurudishia. Kuhusu maji, nyumba iwe na simtanki, na maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe.

Sasa baridi yenyewe, na hapa naomba mnisome kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano mpaka wa nane, usiku wa Mbeya hushuka hadi chini ya nyuzi 10, na mashamba ya sehemu za juu hupata sakitu, yaani umande unaoganda. Mgeni aliyeambiwa kwamba Afrika ni joto hufika na shuka moja. Nguo nzito si tatizo: masweta, makoti na mablanketi ya mitumba yamejaa Mwanjelwa na Sido, tena mazuri. Tatizo ni jiko la mkaa. Jioni watu huwasha jiko nje, wanapika, kisha wanaliingiza ndani likiwa na makaa mekundu yasiyotoa moshi, wanafunga mlango na dirisha na kulala. Makaa hayo yasiyo na moshi ndiyo hatari, kwa maana yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta hupatwa na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito anaodhani ni wa uchovu. Familia nzima huweza kufa hivyo usiku mmoja. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie taulo, iweke miguuni, vaa soksi. Mwambie hivyo na dada anayekusaidia nyumbani, kwa sababu chumba chake mara nyingi ndicho cha nje, chembamba na chenye dirisha dogo kuliko vyote.

Mwinuko huu una jambo jingine linalowashangaza wapishi kutoka pwani: maji huchemka yakiwa na kama nyuzi 94 tu. Maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu Tanga hayaivi hapa kwa muda huo. Loweka usiku kucha, au nunua sufuria la presha. Na jua la saa sita, hata siku ya baridi, linachoma ngozi kuliko unavyolihisi.

Usafiri hauna ugumu. Daladala zinafuata barabara kuu na kuingia mjini, bajaji zinakwenda ndani ya mitaa, nyingi kwa kuchangia abiria katika njia maalumu, na bodaboda zipo kila kona. Panda yenye kofia ngumu mbili, ya pili iwe yako. Unapokubaliana muda na dereva au wakala wa basi, hakikisha mnazungumzia saa za Kiswahili. Basi la saa 12 asubuhi linaondoka jua linapochomoza, na kila mwaka kuna mgeni anayefika stendi adhuhuri akiwa na tiketi hiyo mkononi. Uwanja wa ndege wa Songwe uko mbali na mji, kupita Mbalizi, na njiani kuna mteremko wa Iwambi ambako malori hupata ajali na kufunga njia. Anza safari mapema.

Chakula ni neema ya nyanda hizi. Mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Uporoto, ndizi na maparachichi ya Rungwe, kahawa ya Mbozi. Jifunze kununua kwa sado na debe, vyombo vya kupimia nafaka sokoni, na ukinunua mchele unaoitwa wa Kyela, nusa kwanza kiganjani, kwa kuwa jina hilo hubandikwa kwenye mchele wa kila mahali. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo njoo na kikapu.

Vibali: visa ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, na kujitolea ni kazi. Hili linawakuta vijana wengi waliopelekwa shuleni au katika vituo vya watoto na watu wenye nia njema wasiojua sheria. Mwajiriwa anahitaji kibali cha kazi kisha kibali cha ukaazi daraja B; mwekezaji daraja A; mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na mtu wa kujitolea daraja C. Mwenyeji wako ndiye anayepaswa kuanza mchakato, na uanze kabla hujapanda ndege. Tembea na nakala ya pasipoti na kibali. Usipige picha kambi za jeshi, vituo vya polisi, madaraja wala stesheni, hata kama treni imekuvutia namna gani.

Nimalizie na mtaa. Ukihamia, siku za mwanzo nenda kwa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kaya chache za jirani, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ukajitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, ukiwa na pasipoti. Wataandika jina lako. Barua yao ya utambulisho utaihitaji mara nyingi kuliko unavyodhani. Zaidi ya barua, mwenyekiti akishakufahamu, anayekuja kuulizia kwa siri nyumba ya mgeni atajibiwa na mtu anayejua wewe ni nani.

Na pakiwa na msiba mtaani, nenda. Sisemi hivi kama adabu ya ziada. Huku msiba ni shughuli ya mtaa mzima: wanaume hukaa nje kuzunguka moto, wanawake huingia ndani na kusaidia kupika, na mtu mmoja hushika daftari la rambirambi. Mwanamke avae kitenge au khanga juu ya nguo zake na kitambaa kichwani. Mwanaume avae koti na kwenda alipoelekezwa. Toa pole kwa wafiwa, toa mchango wako, hata mdogo, ukaandikwe, kisha keti. Huhitaji kusema mengi. Saa moja ya kukaa kimya pale inakujengea mahali mtaani kuliko mwaka wa salamu za dirishani. Jirani aliyekuona msibani atakuambia mwizi alionekana wapi, maji yatakatika lini, na fundi gani haaminiki.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji, Eldoret

Asante sana kwa uzi huu, ndugu. Ninahamia Mbeya mwezi wa kwanza kikazi, pamoja na mke wangu na watoto wawili wa shule ya msingi. Baridi hainitishi, kwani Eldoret tumezoea. Ningependa kujua kuhusu shule, na kuhusu malaria, kwa sababu kazi yangu itanipeleka mara kwa mara Kyela na Mbarali.

Mwanzisha uzi

Karibu sana, ndugu yangu. Kwa baridi ya Eldoret utaizoea yetu upesi, ila majira yamepishana. Kwenu mwezi wa saba ni mvua. Hapa ni ukame na upepo, na kufikia mwezi wa tisa na wa kumi vumbi linaingia mpaka kabatini. Mvua zetu huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka wa nne au wa tano. Mwezi wa kwanza utatukuta katikati ya mvua, kwa hiyo ukikagua nyumba angalia maji ya mlimani yanapita wapi, na barabara ya kufika kwako ikoje baada ya mvua kubwa.

Shule za serikali za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na shule binafsi nyingi kwa Kiingereza. Mwaka wa masomo huanza Januari kama kwenu, hivyo watoto hawatapoteza muhula. Mimi ningechagua shule kwa kuangalia upande wa mji kuliko sifa. Mtoto anayevuka Mwanjelwa kila asubuhi kwa basi la shule huamka saa 11 gizani, na mwezi wa sita hilo ni jambo zito kwa mtoto wa miaka saba.

Malaria: jijini ni chache kwa sababu ya mwinuko, na hilo linawafanya watu wa hapa wawe na kinga ndogo. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, chini zaidi ya mita 1,000 kuliko jiji, na Mbarali iko kwenye mabonde ya mpunga ya Usangu. Huko kuna joto na mbu. Beba chandarua chako kila safari, usitegemee cha nyumba ya wageni. Ukirudi na homa, hata baada ya wiki mbili, mwambie daktari ulikuwa Kyela. Usipomwambia anaweza kukutibu mafua ya baridi ya Mbeya.

Mchangiaji, Iringa

Kamwene wanajamvi. Naomba kuongeza kwa wale wanaoletwa Iringa wakidhani ni sawa na Mbeya. Mji wetu uko juu ya kilima, barabara kuu ikipita chini Ipogolo, kwa hiyo malori hayakatizi katikati ya mji na unaweza kutembea kwa miguu kutoka Gangilonga au Wilolesi mpaka sokoni. Baridi yetu ya kipimajoto ni ndogo kuliko ya Makambako na Njombe, lakini tuna upepo, na upepo wa Iringa haukatiki.

Nataka hasa kuwashauri watafiti, kwa kuwa wanakuja wengi kwa ajili ya hifadhi ya Ruaha, misitu ya Udzungwa na mambo ya kale ya Isimila. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kukipata si mwisho wa safari. Ukifika, barua inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia kwenda wilayani, wilaya inakuandikia kwenda halmashauri, halmashauri kwenda kata, na kata kwenda kijijini. Wageni huona huko ni kuzungushwa. Mimi nimefanya kazi ya kuwasindikiza watafiti, na nimeona kwamba yule aliyeruka ngazi moja ndiye anayesimamishwa shambani na mtendaji wa kijiji mbele ya watu aliotaka kuwahoji, na baada ya hapo hawamwambii kitu. Tenga wiki nzima kwa ajili ya barua hizo. Vaa nadhifu, keti unapoambiwa uketi, salimia kabla ya kutaja shida yako. Kijijini ukikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, onja ukipenda, au shukuru na ueleze kwamba hutumii. Hakuna atakayekasirika kwa kukataa, ila kwa kukunja uso.

Mchangiaji, Mwanjelwa

Mimi ni mama mwenye nyumba za kupangisha, na ninamheshimu mwanzisha uzi, lakini kuhusu kodi ya mwaka sikubaliani naye. Mwenye nyumba haombi mwaka kwa tamaa. Anajenga kwa awamu, na fedha ya mpangaji ndiyo inayonunua bati na dari hiyo hiyo anayotaka ikaguliwe. Ukinilipa miezi mitatu mitatu, nyumba haitaisha. Ninachowashauri wageni ni kuzungumza: sema una uwezo wa kulipa miezi sita, na uombe kwamba sehemu ya fedha hiyo iweke dari au irekebishe mlango kabla hujaingia, iandikwe kwenye mkataba. Wenye nyumba wengi watakubali, kwa sababu dari inabaki kuwa yao.

Jambo la pili ni dada wa kazi. Wageni huona aibu kuandikiana mkataba na msichana wa nyumbani, wakidhani ukarimu unatosha. Andikeni. Mshahara, siku ya mapumziko, likizo ya kwenda kwao, na nani analipia matibabu. Hakikisheni si mtoto. Pigeni simu kwa wazazi wake, ikiwezekana waje wawaone. Na msimlipe kwa kumpa nguo zenu za zamani mkidhani ni sehemu ya mshahara.

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo, na nimekuelewa. Hoja yako ya kuiandika dari ndani ya mkataba ni bora kuliko ushauri wangu wa miezi mitatu, na ningependa wageni waifuate. Kwa yule anayefika mwezi wa sita bado nasisitiza alale ndani kwanza, hata usiku mmoja kwa kibali cha mwenye nyumba, kabla ya kutoa fedha.

Mchangiaji, Kasumbalesa

Ndugu zangu wa Mbeya, mimi ni Mkongo, na napita Tunduma mara kwa mara. Rafiki mwenyeji ananishawishi tununue shamba la parachichi Rungwe. Anasema tuandike kwa jina lake, kisha tugawane mavuno. Mwingine anasema ni heri niwe nanunua maparachichi na mchele moja kwa moja kwa wakulima na kusafirisha kwetu. Mnaonaje?

Mwanzisha uzi

Ndugu, nashukuru umeuliza kabla ya kutoa fedha. Njia zote mbili kama ulivyozieleza zina hatari, na hatari kubwa iko kwako.

Tuanze na shamba. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hiyo hupatikana kupitia mamlaka ya uwekezaji, si kwa kuandikiana karatasi mbele ya balozi wa nyumba kumi. Ukitumia jina la rafiki yako, shamba ni lake. Hata akiwa mwaminifu kama ndugu wa tumbo moja, siku akifariki warithi wake hawakujui, na mahakamani huwezi kudai ardhi ambayo sheria haikuruhusu kuwa nayo. Mti wa parachichi wa kupandikiza huanza kuzaa baada ya kama miaka mitatu na unaendelea miaka mingi. Ndiyo kusema mavuno yako makubwa yangekuja baada ya urafiki huo kupita katika majaribu mengi. Ardhi ya Rungwe, zaidi ya hayo, ni finyu na ni ya koo. Anayekuuzia mbele ya mashahidi wawili anaweza kuwa na kaka na shangazi wenye sauti juu ya shamba hilo hilo.

Kununua shambani ni jambo lililo wazi zaidi. Amri ya serikali ya mwezi Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kununua mazao shambani ni mojawapo, pamoja na uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, udalali wa nyumba na kuongoza watalii. Biashara ya jumla na rejareja nayo imo, isipokuwa kwa mambo machache kama supamaketi. Adhabu kwa asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na kufutiwa visa na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake, kwa hiyo rafiki yako anajitia hatarini bila kujua.

Kinachobaki kwako ni kununua kwa watu wenye leseni. Wapo wafanyabiashara wa Kitanzania na vyama vya ushirika wanaokusanya mpunga na maparachichi, wanafungasha, na wanakuuzia mzigo ukiwa na risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, na karatasi za kusafirishia. Kwa mazao mabichi utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea, na wakala wa forodha Tunduma atakayeshughulikia karatasi zako. Kazi hiyo ya uwakala pia imeachwa kwa raia, hivyo mtafute aliyesajiliwa.

Kabla ya hayo yote, nenda ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya ukaeleze unataka kufanya nini, na uombe jibu la maandishi. Ukitaka tutembee pamoja, nijulishe hapa siku utakayokuwa Tunduma. Ofisi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na mimi ningependa tuwe mlangoni saa hiyo, kabla foleni haijawa ndefu.